Lugha Isiyobembeleza: Uhakiki wa Bembelezi na Mahali Pake Darasani

Katika tanzu zote za fasihi simulizi tunazozifundisha, hakuna hata mmoja unaopitiwa kwa haraka kama bembelezi. Mwalimu huandika ubaoni kwamba bembelezi ni wimbo aimbiwao mtoto mchanga ili anyamaze au alale. Huongeza kwamba wimbo huo ni mfupi, una takriri nyingi, na huimbwa kwa sauti ya chini. Kisha hufuta ubao na kuingia katika nyimbo za kazi, za vita na za jando, ambako anaona ndiko kuliko na maudhui. Wanafunzi hunakili mistari hiyo mitatu, huikariri usiku wa kuamkia mtihani, na tangu hapo huamini kwamba habari ya bembelezi imekwisha.

Nia ya makala haya ni kuyapinga mazoea hayo. Nitajaribu kuonyesha kwamba bembelezi si dawa ya usingizi iliyotiwa katika maneno. Ni fasihi ya mama, nayo hubeba furaha yake, hofu yake, na malalamiko yake kwa watu wa nyumbani. Zaidi ya hayo nitadai kwamba sisi tunaofundisha Kiswahili katika Uganda tuna haja na utanzu huu kupita wenzetu wa pwani. Sababu ya dai hilo niliijua kwa kuaibika.

Usiku wa wodini

Nilijifungua mtoto wangu wa mwisho nikiwa nimekwisha kufundisha Kiswahili kwa miaka kumi na mmoja. Siku mbili za kwanza, sitaficha, sikuiona ile furaha wanayoisema watu. Niliona uchovu, na kiumbe kidogo chenye uso uliokunjamana, ambacho kila nilipokilaza kililia. Usiku wa pili nilimpakata nikataka kumwimbia. Nikajikuta naimba Kiluganda, wimbo wa mama yangu, ambao sikumbuki kama niliwahi kufundishwa. Wimbo ulipokwisha nikajiambia: wewe ni mwalimu wa Kiswahili, hebu mwimbie mwanao kwa Kiswahili. Nikatafuta. Ngeli zote nilikuwa nazo, vina na mizani nilikuwa navyo, na methali za kutosha. Lakini neno la kumwambia mtoto wa siku mbili gizani sikuwa nalo. Lililonijia kwa haraka lilikuwa "nyamaza", nalo nilikuwa nimezoea kulitumia darasani kwa sauti nyingine kabisa.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwako mama mmoja kutoka Kivu, mkimbizi, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa nne. Naye alikuwa akimwimbia wake, kwa Kiswahili. Kiswahili chake kingalikuwa insha kingalirudi na wino mwekundu: alisema "mutoto yangu" mahali ambapo mimi ningedai "mtoto wangu", na upatanisho wake wa kisarufi haukufuata kitabu chochote nilichopata kukifundishia. Hata hivyo mtoto wake alinyamaza, na wangu pia akanyamaza, maana wodi ilikuwa moja na sauti haina pazia. Asubuhi aliniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, alicheka akasema, "Basi, mwalimu, utanifundisha kusema muzuri." Sikupata la kumjibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni Kiswahili gani ninachowapa wanafunzi wangu, ikiwa mimi niliyekisoma hadi stashahada sikuweza kumtuliza mtoto kwacho, na mama asiyepata kukaa katika darasa la Kiswahili aliweza.

Mama aliye msimulizi

Kabla ya kuutazama utanzu wenyewe, yafaa tukumbuke kazi moja iliyofanyika hapa kwetu. Katika miaka ya 1954 na 1955, mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth (1913–1999) alikuwa Kampala, akifanya utafiti chini ya taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alizitembelea familia 26 za vijiji vilivyo karibu na Kampala, zenye watoto wachanga 28. Alikwenda kila baada ya wiki mbili hivi, akiwa na mkalimani, akakaa kwa muda wa saa mbili akitazama jinsi mama na mtoto wanavyoishi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1967 katika kitabu kiitwacho Infancy in Uganda. Leo kitabu hicho huhesabiwa miongoni mwa misingi ya elimu ya dunia kuhusu mapenzi ya mama na mtoto. Nasi, ambao nyua zetu ndizo zilizotoa elimu hiyo, ni wachache tunaolijua hata jina lake.

Ainsworth aliona kwamba mtoto si chombo cha kupokea tu. Hutabasamu, huita kwa kilio, hunyosha mikono, hufuata kwa macho na baadaye kwa kutambaa, hushika na kung'ang'ania. Yaani humtafuta mama kama mama anavyomtafuta yeye. Aliona pia kwamba wingi wa maziwa haukuwa ndio uliowatenga watoto waliotulia na wasiotulia. Yaliyoambatana na utulivu wa mtoto yalikuwa mambo matatu: kiasi cha malezi aliyopewa na mama mwenyewe, furaha ya mama katika kunyonyesha, na la tatu, ambalo walimu wa fasihi twapaswa kulisoma mara mbili, ni uhodari wa mama katika kueleza habari za mtoto wake. Wako akina mama ambao hawakungoja kuulizwa. Walisimulia kwa urefu na kwa undani mtoto alifanya nini, alipenda nini, alikasirishwa na nini. Watoto wa akina mama hao ndio waliokuwa wametulia zaidi.

Watoto 28 ni wachache, na mambo kuambatana si hoja ya kusema kwamba moja limelizaa jingine. Lakini kwa mhakiki wa fasihi neno hilo la tatu ni zito. Lasema kwamba pendo la mama na mtoto lakutikana pia katika jicho linaloona undani na ulimi unaousimulia. Na jicho hilo pamoja na ulimi huo, tukiviita kwa jina lake, ndivyo fasihi. Basi bembelezi tusiitazame kama kelele ya kupoza kilio. Ni mahali ambapo mama hujizoeza kumwona mtoto wake na kumtaja.

Aimbiwaye ni nani?

Swali la kwanza la mhakiki ni msikilizaji. Vitabu vyetu hujibu upesi kwamba msikilizaji wa bembelezi ni mtoto. Jibu hilo ni kweli nusu. Mtoto wa mwezi mmoja husikia sauti, lakini maneno hayajui. Kama shabaha ingekuwa yeye peke yake, mama angeweza kuimba silabi tupu, na maneno yangekuwa ya bure. Iweje basi bembelezi zetu, za Kiswahili na za lugha zetu nyingine, zijae habari? Zimo ahadi za chakula atakachorudi nacho mzazi kutoka sokoni au shambani. Yamo majina ya baba na babu. Wamo wanyama wakali, mvua, safari, njaa, na wakati mwingine mume asiyerudi mapema.

Habari hizo zina wasikilizaji wengine. Wa kwanza ni mama mwenyewe, ambaye huyasikia maneno yake kama mtu ajiliwazaye. Wa pili ni nyumba nzima. Ukuta ni mwembamba, na mama mkwe yuko upande wa pili. Mama kijana ambaye adabu yamkataza kusema mchana kwamba amechoka, au kwamba ameachiwa kazi yote, huweza kumwambia mtoto usiku, na wanaohusika wakasikia. Hakuna atakayemgombeza, maana alikuwa akimbembeleza mtoto. Hapa bembelezi hufanya kazi ya fumbo kama ile tunayoisifu sana katika ushairi wa mashindano, ila sisi hatuioni, kwa kuwa mwenye kuitunga amekaa kwenye mkeka na titi liko kinywani mwa mtoto.

Jambo la pili ni vitisho. Wanafunzi huandika katika mitihani, nasi huwapa alama, kwamba baadhi ya bembelezi humtisha mtoto ili alale. Hebu tulifikiri neno hilo. Mtoto asiyejua fisi ni nini hawezi kumwogopa fisi, wala hajapata kuonekana mtoto aliyepata usingizi kwa hofu. Anayemjua fisi ni mama. Hofu iliyomo katika wimbo ni hofu yake: ya homa, ya njia, ya usiku, ya mtoto kuondoka duniani kabla hajatembea. Mama huitaja hatari kwa sauti laini, kama mtu amshikaye nyoka mkiani ili amtoe nje. Methali yasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Bembelezi ni mahali ambapo uchungu huo na furaha ya mwana huimbwa kwa pumzi moja.

Jambo la tatu ni fani. Bembelezi ikiandikwa karatasini huonekana maskini: mistari mifupi, neno lilelile likirudi, vina visivyolingana daima. Lakini karatasi imeichukua nusu yake tu. Nusu nyingine imo mwilini. Mapigo yake hufuata goti linalotikisika, kiganja kinachopigapiga mgongo, au hatua za mama aliyemfunga mtoto kwa mbeleko huku akipepeta nafaka. Takriri ambayo mhakiki wa vitabu huiita upungufu ndiyo inayokwenda sambamba na mwendo huo, na mtoto huutambua mwendo kabla hajatambua neno. Kuuhukumu wimbo huu kwa macho matupu ni sawa na kuhukumu ngoma kwa kuitazama picha yake.

Furaha isiyo sukari tupu

Hapa napenda kuonya, maana kosa la pili laweza kuwa baya kama la kwanza. Tukisema kwamba bembelezi ni fasihi ya furaha ya mama, wanafunzi wetu, ambao hupenda majibu mepesi, wataandika kwamba kila mama hufurahi tangu dakika ya kwanza. Si kweli. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba asilimia 13 hivi ya wanawake waliojifungua duniani hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiasi hicho hufikia karibu asilimia 20. Kwa hesabu hiyo, katika wodi yenye akina mama kumi, wawili huenda wamo katika giza ambalo maneno ya pongezi hayalifikii.

Fasihi ya Afrika imelijua jambo hilo tangu zamani. Mwandishi wa Nigeria Buchi Emecheta (1944–2017) alipoiita riwaya yake ya mwaka 1979 The Joys of Motherhood, yaani furaha za umama, aliliweka jina hilo kwa kejeli: mhusika wake Nnu Ego huzaa na kulea kwa shida nyingi, na mwisho hufa kando ya njia bila mwana wa kumshika mkono. Mwenye kuisoma riwaya hiyo hawezi tena kulitamka neno "furaha" kizembe.

Ila kejeli ya Emecheta haiifuti furaha yenyewe. Yaitaka iwe ya kweli. Kwangu mimi furaha haikuja na mtoto. Ilikuja baadaye, juma la tatu, mchana mmoja nilipokuwa nikimwogesha. Nilikuwa nikivuma ule wimbo bila kufikiri, nikanyamaza ili nichukue taulo, naye akaacha kurusha miguu, akageuza uso, akanitafuta. Nilipoanza tena, akarusha miguu tena. Hapo nilijua kwamba tulikuwa wawili. Kama kuna maudhui makubwa kuliko hayo katika nyimbo za vita, sijayaona.

Sauti ya mama katika maandishi yetu

Yuko atakayesema kwamba bembelezi ni jambo dogo la uani, na kwamba fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa ina mambo yake makubwa. Namkumbusha kwamba mmoja wa tenzi zetu mashuhuri kabisa ni sauti ya mama. Mwana Kupona binti Msham, wa kisiwa cha Pate, aliutunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Jambo la kwanza analolifanya katika utenzi huo, baada ya kumwita, ni kumtaka asogee, aketi karibu, na alete wino na karatasi. Ukaribu huo wa miili miwili ndio mlango wa kila linalofuata, na sehemu ya mwisho ya utenzi ni dua, ambamo mama huwaombea wanawe.

Tazameni sasa tumeusomaje. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha pamoja na tafsiri mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza lenye kutilia mkazo wajibu wa mke. Tangu hapo, darasa baada ya darasa, swali la mtihani limekuwa lile lile: Mwana Kupona anamtaka mke afanye nini? Ni swali halali, na majibu yake yafaa kujadiliwa na hata kupingwa. Lakini mara chache nimeona likiulizwa swali lililo karibu zaidi na sauti ya utenzi wenyewe: mama anayeiona safari yake iko karibu anamwachia nini mtoto ambaye hatakuwako kumshika? Aliyeuliza swali la kwanza peke yake amesoma maagizo. Aliyeuliza na la pili amesikia mtu.

Lugha ya amri

Sasa nije kwenye sababu inayotuhusu sisi wa Uganda. Shaaban Robert (1909–1962), katika shairi lake maarufu la kusifu Kiswahili, aliilinganisha lugha ya mtu na titi la mama. Wanafunzi wa Tanga au wa Mombasa wakisoma shairi hilo husoma habari zao. Wangu husoma habari za watu wengine. Kwetu, Kiswahili kilishikamana kwa miaka mingi na jeshi na polisi. Mwaka 1973 serikali ya kijeshi ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na wazee wengi hata leo wakikisikia hukumbuka vizuizi vya barabarani: simama, lete kitambulisho, lala chini. Zingatieni neno hilo "lala". Katika wodi ni neno la mapenzi. Kwenye kizuizi lilikuwa neno la hofu. Ni neno moja, na tofauti yake yote imo katika kinywa kilichoanza kukutamkia.

Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kukikubali kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Haya ni mema, nasi tumeyapigania. Lakini sheria huipeleka lugha shuleni na ofisini tu. Haiwezi kuipakatisha mtu. Lugha isiyombembeleza mtu yeyote huendelea kusikika kama lugha ya amri, hata ikiwa imeandikwa katika Katiba.

Wataalamu nao wametuonyesha jinsi jambo hili linavyoanza mapema. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walichapisha utafiti wa watoto kumi waliokuwa hawajatimiza siku tatu tangu kuzaliwa. Watoto hao walinyonya chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine, na kwa namna ya kunyonya kwao waliweza kuchagua sauti ya kusikiliza. Waliichagua sauti ya mama kuliko ya mwanamke mwingine. Mwaka 1993 utafiti mwingine ulionyesha kwamba watoto wa siku mbili hivi, ambao mama zao walisema Kiingereza au Kihispania, walipendelea lugha ya mama zao hata iliposemwa na wanawake wageni. Maana yake ni kwamba wimbo wa lugha humfikia mtoto kabla ya maana yake, tangu angali tumboni.

Naomba nisieleweke vibaya. Simwambii mama wa Kiganda, wa Kiteso au wa Kiacholi aache lugha yake akamwimbie mtoto kwa Kiswahili cha kujikaza. Huko kungekuwa kumnyang'anya mtoto kitu anachokijua ili apewe kitu cha mtihani. Ninalolisema ni kwamba mwanafunzi wetu, anayekutana na Kiswahili akiwa na miaka kumi na mitatu, ana haki ya kujua kwamba lugha hii nayo ina mapaja. Asipolijua hilo kwetu, atalijulia wapi?

Jaribio la darasani

Nilijaribu jambo hili katika kidato cha pili. Niliwaambia wanafunzi waulize nyumbani, kila mmoja alete wimbo aliobembelezwa nao, kwa lugha yake. Siku ilipofika wavulana walicheka, wengine wakajificha nyuma ya vitabu, maana waliona ni mambo ya wanawake. Aliyesimama kwanza, kinyume cha nilivyotarajia, alikuwa mvulana wa kiti cha nyuma ambaye alama zake ni za chini. Alikuwa na wimbo mrefu kuliko wote. Aliueleza bila haya: mama yake huuza mboga sokoni, na yeye ndiye aliyewabeba mgongoni wadogo zake wawili. Akatufundisha jambo ambalo halimo katika kitabu chochote nilichosoma: wimbo haukomi mtoto anapofumba macho, hukoma pumzi yake inapobadilika, ukikoma mapema, utaanza upya. Darasa lilinyamaza. Hakuna aliyecheka tena.

Kisha niliwataka watunge bembelezi kwa Kiswahili, wasitafsiri neno kwa neno. Kazi za kwanza zilinitia huzuni. Karibu zote zilikuwa amri tupu: Lala! Nyamaza! Usilie! Nikaelewa kwamba hicho ndicho Kiswahili nilichowapa. Basi tukaanza upya, na somo la fasihi likawa somo la lugha. Tulitazama jinsi "lala" inavyolainika ikiwa "ulale", na jinsi "hebu" na "basi" zinavyoiondolea amri makali. Tulikusanya vitenzi ambavyo hawakuwa wamevisikia, kama vile pakata, eleka, kumbatia, tuliza na bembeleza. Tulilitazama neno "mwanangu", ambamo kimilikishi hakisimami mbali na nomino bali kimeshikamana nayo, kama mtoto alivyoshikamana na mgongo wa mama. Nao wakasema wenyewe, "mamangu", "dadangu", wakijiuliza kwa nini hatusemi hivyo kwa meza na kitabu.

Jambo lililowafurahisha zaidi lilikuwa udugu wa maneno. Omwana na mwana, okulera na kulea, okuyonsa na kunyonyesha: mtoto wa Kiganda aliyadhani maneno ya kigeni, kumbe ni ya ukoo. Na kile kitambaa ambacho Kiswahili hukiita mbeleko, baadhi ya lugha zetu hukiita engozi, jina linalomkumbusha msikilizaji wa Kiswahili ngozi. Msichana mmoja alisema, "Mwalimu, kumbe Kiswahili kinajua kubeba mtoto." Sentensi hiyo niliiandika ubaoni, nikaiacha hapo hadi jioni.

Yawezekana kupinga kwamba mtihani hauulizi mambo haya, na kwamba muda ni mfupi. Nakubali muda ni mfupi. Mimi nilitumia vipindi vinne. Lakini katika vipindi hivyo tulipitia hali ya amri na ya kutaka, vimilikishi, msamiati wa nyumbani, takriri, mapigo na swali la msikilizaji, mambo ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya hivyo yakifundishwa moja moja. Zaidi ya hilo, mvulana yule wa kiti cha nyuma sasa hunyosha mkono.

Mapendekezo yangu, walimu wenzangu, ni matatu. Kwanza, tusifundishe bembelezi kwa ufafanuzi bali kwa sauti, na tumruhusu mwanafunzi aanze na lugha yake. Pili, tuwaalike darasani akina mama wanaosema Kiswahili nyumbani, wawe wa Kongo, wa Kenya au wa mtaani kwetu, bila kuwasahihisha upatanisho wa kisarufi wangali wanaimba. Tatu, katika kuusoma utenzi wa Mwana Kupona tuongeze lile swali la pili.

Mtoto wangu sasa ni mkubwa wa kutosha kukataa kubembelezwa. Yule mama wa Kivu sikumwona tena tangu tuondoke wodini. Laiti ningemwona leo, ningemwomba auimbe tena wimbo wake, polepole, niuandike kama alivyouimba. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nayo lugha hukua vivyo hivyo.